Kiti cha gari ndani ya ndege: namna ya kukibeba, kukifunga na kukitoa ukiwa na mtoto mdogo

Mara ya kwanza nimepanda ndege na kiti cha gari cha mtoto nilipita nacho koridoni kikigonga kila bega lililokaa upande wa njia, samahani, samahani, samahani, nikafika kwenye siti yetu nikagundua hakiingii. Kimezidi upana kidogo tu, vidole viwili hivi. Nyuma yangu foleni imesimama inanitazama, mtoto wa mwaka na nusu anataka kushuka, jasho linanitoka kama nimetoka kubeba saruji. Mwisho kiti kikapelekwa kwenye mizigo na mtoto akakaa mapajani kwangu safari nzima, na siti nilishamlipia. Yaani hela imeenda, kiti kimeenda, mapaja yamekufa ganzi.

Tangu hapo nimesafiri na watoto wawili mara nyingi na kiukweli nilichokuja kukigundua ni kwamba kazi karibu yote ya hiki kiti inafanyika nyumbani, ukiwa na tepu ya kupimia mkononi, kabla hujanunua hata tiketi. Humu nitasema "siti" nikimaanisha ya ndege, na "kiti" nikimaanisha cha mtoto, tusije tukachanganyana njiani.

Kwanza, ni lazima?

Kwa mtoto chini ya miaka 2, mashirika mengi yanaruhusu akae mapajani. Akifikisha miaka 2 lazima awe na siti yake. Na angalia hapa, kama birthday ya miaka 2 inaangukia katikati ya safari, mnaenda ana mwaka mmoja na miezi kumi na moja mnarudi ameshatimiza, basi kurudi atatakiwa siti. Kuna watu wanaligundua hili kaunta siku ya kurudi.

Kwa hiyo sheria hazikulazimishi. Lakini mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, wenyewe wanasema wazi mikono ya mzazi haiwezi kumshika mtoto salama ndege ikirushwa na hewa ghafla, na sehemu salama zaidi ya mtoto wa chini ya miaka 2 ni kwenye kiti chake, sio mapajani. Fikiria mtoto wa kilo 12. Ndege ikisimama ghafla kwa nguvu mara nne ya uzito, hapo unashika kitu kinachovuta kama kilo 48, na hukupewa taarifa kwamba ujiandae.

Tarehe 19 Julai 1989 ndege ya United namba 232 ilianguka Sioux City, jimbo la Iowa. Ndani kulikuwa na watoto wadogo wanne wasio na siti. Utaratibu wa enzi hizo ulikuwa mtoto awekwe sakafuni miguuni kwa mzazi, na mkuu wa wahudumu, Jan Brown, aliwaambia wazazi wafanye hivyo kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Mtoto mmoja kati ya hao akafa. Jan Brown alitumia miaka mingi baadae akidai kila mtoto awe na siti na kiti chake, na mpaka leo sheria ya mapajani ipo palepale. Alafu tarehe 5 Januari 2024, ndege ya Alaska Airlines ikiwa imetoka Portland iling'oka kipande cha ukuta ikiwa angani, na ndani walikuwemo watoto watatu waliokuwa mapajani. Wote walipona. Mi nikasoma nikanyamaza kimya.

Sikutishi. Ndege kuanguka ni nadra sana, ila kurukaruka hewani sio nadra. Alafu kuna faida nyingine ambayo hakuna anayeisema kwa sauti: mtoto aliyezoea kiti chake cha gari akifungwa humo anajua "hapa nakaa", na mara nyingi analala. Mtoto aliyepewa siti tupu ya ndege na mkanda wa kiunoni anajua "hapa nateleza chini".

1. Soma lebo ya kiti chako

Kigeuze kiti, angalia ubavuni, chini, nyuma, hadi uipate lebo. Vile vya Marekani vina maneno ya rangi nyekundu yanayosema "This restraint is certified for use in motor vehicles and aircraft". Hayo maneno ndio visa yako. Kama hayapo, kiti hakipandi kwa matumizi, kinaenda kwenye mizigo. Vya Ulaya vina ile stika ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara, na namba R44 au R129 (viwango vya usalama vya viti vya watoto), hiyo ni ya gari. Kwa ndege mashirika mengi ya Ulaya yanapenda kuona pia stika ya TÜV, wakaguzi wa usalama wa Ujerumani, iliyoandikwa "For Use in Aircraft". Piga picha lebo, weka kwenye simu, maana utaulizwa ukiwa umemshika mtoto mkono mmoja na begi mkono wa pili na hutakuwa na mkono wa tatu wa kupindua kiti.

Ukiwa hapohapo angalia na tarehe ya mwisho ya matumizi, viti vingi vinayo imechapwa kwenye plastiki. Plastiki inazeeka jamani. Na kama kiti kimewahi kuwa kwenye ajali ya maana, kiache.

Busta, yaani kile cha kumnyanyua mtoto kisicho na mikanda yake chenyewe, hakitumiki ndege ikipaa wala ikitua. Sababu ni rahisi: busta inategemea mkanda wa begani wa gari, na siti ya ndege ina mkanda wa kiunoni tu. Hiyo weka kwenye mizigo itakusaidia mkifika.

Kuna na hivi viti vya Ulaya ambavyo vinafungwa kwa ISOFIX tu (vile vyuma vya kiti vinavyojibana kwenye vyuma vilivyojengwa ndani ya siti ya gari) au kwa mkanda wa gari wa pointi tatu tu. Ndege haina ISOFIX, haina mkanda wa begani. Kwa hiyo hata kama kiti ni cha bei ya kufa mtu, kama kitabu chake hakionyeshi namna ya kukifunga kwa mkanda wa kiunoni peke yake, hakifai ndani ya ndege. Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, wanadhani bei ndio kibali.

2. Pima, tena pima sehemu pana kuliko zote

FAA wanasema kiti chenye upana usiozidi inchi 16, kama sentimita 41, kinaingia kwenye siti nyingi. Siti za daraja la kawaida nyingi zina inchi 17 hadi 18 kati ya egemeo la mkono na egemeo la mkono. Unaona nafasi iliyobaki ni ndogo kiasi gani. Na usipime pale chini tu, pima hadi vile vishikio vya kikombe vinavyochomoza pembeni, ndivyo vilivyoniua mimi siku ile. Kama vinatoka, vitoe uviache nyumbani.

Pima na uzito. Kuna viti vya gari vya kilo 12 na kuna vya kilo 4 au 5. Kwenye gari huoni tofauti kwa sababu ukishafunga umefunga. Kwenye eapoti, geti likiwa la mwisho kabisa na mtoto amegoma kutembea, utaiona. Mzazi anayesafiri mara kwa mara namshauri atafute kiti cha pili chepesi chenye lebo ya ndege, hata kama hakina mito mizuri, akitumie safarini na kwenye teksi.

3. Siti ipi

Dirishani. Mashirika mengi yatakulazimisha dirishani hata hivyo, kwa sababu kiti hakitakiwi kumzuia abiria yeyote kutoka. Kwenye ndege kubwa zenye siti za katikati, siti ya katikati kabisa ya lile kundi nayo huwa inakubalika. Mzazi anakaa pembeni yake. Usichague mstari wa mlango wa dharura, na mashirika mengi hayataki kiti kwenye mstari wa mbele yake wala wa nyuma yake.

Mstari wa kwanza wenye ukuta mbele unavutia kwa sababu ya nafasi ya miguu. Mi siupendi kwa kiti. Kule maegemeo ya mkono mara nyingi hayanyanyuki kwa kuwa kimeza kimefichwa ndani yake, siti inakuwa nyembamba zaidi, na baadhi ya ndege mikanda ya huko ina airbag ndani yake. Mkanda wenye airbag na kiti cha mtoto haviendi pamoja. Utaujua kwa mguso, ni mnene kama umevimba. Ukiukuta, mwite mhudumu kabla hujafunga chochote. Na zile siti za daraja la juu zilizokaa kimshazari, nyingi haziruhusu kiti kabisa, kwa hiyo usilipe pesa ndefu kabla ya kuuliza.

4. Nunua siti, alafu ongea na mtu

Mtoto wa chini ya miaka 2 ukimkatia tiketi mtandaoni, system nyingi zinamweka mapajani moja kwa moja hata kama nia yako ni alipiwe siti. Piga simu au wachati huduma kwa wateja, waambie hivi: mtoto ana siti yake, nakuja na kiti cha gari chenye lebo ya ndege, upana wake ni huu, kitaangalia mbele au nyuma. Omba waandike kwenye booking yenu, na wakikujibu kwa maandishi fanya skrinshoti. Mashirika mengine yanataka taarifa siku kadhaa kabla, mengine yanataka hadi jina la model ya kiti.

Kwa mashirika ya Marekani kuna kitu kizuri cha kujua: mtoto akiwa na tiketi ya siti yake na kiti kina lebo sahihi, shirika haliruhusiwi kukukatalia kukitumia. Na kama kimezidi upana kwenye siti uliyopewa, wanatakiwa wakutafutie siti nyingine inayokichukua ndani ya daraja hilohilo, kama ipo. Nilipojua hili nilikumbuka ile safari ya kwanza nikauma meno.

Ukikata mapajani lakini unataka kujaribu bahati, nenda na kiti hadi getini uulize kama kuna siti tupu pembeni yako. Ikiwepo, mara nyingi wanakubali. Isipokuwepo, wanakichukua pale pale getini wanakitia kwenye mizigo. Ni kamari, nishashinda mara moja na kushindwa mara mbili.

5. Fanya zoezi nyumbani

Hii hatua watu wanairuka. Fungua kitabu cha kiti, tafuta ukurasa wa ndege au wa mkanda wa kiunoni. Kiti kina tundu la kupitishia mkanda kikiangalia nyuma, na tundu lingine kikiangalia mbele. Ukikosea tundu, kiti kinaweza kuonekana kimekaza kabisa na bado kimefungwa vibaya. Mi nilibandika kipande cha tepu nyekundu pale mkanda unapoingia na kingine pale unapotokea, ili hata nikiwa nimechoka saa tisa usiku nisifikirie.

Nyuma au mbele? Kitabu cha kiti ndio hakimu, kinasema kilo na umri. Kwa R129, mtoto haangalii mbele kabla ya miezi 15. Kuangalia nyuma ni salama zaidi kwa mtoto mdogo, ila ndani ya ndege kina shida moja: abiria wa mbele hawezi kulaza siti yake, na kama siti zimebanana sana kiti chenyewe kinaweza kisikae kwenye mlalo wake. Mtoto wa miaka miwili ambaye kitabu kinamruhusu pande zote, mi huwa namgeuza mbele ndani ya ndege, tukishuka kwenye gari anarudi nyuma. Wengine hawatakubaliana na mimi, sawa tu.

6. Eapoti

Usikibebe kiti mikononi. Kifunge kwenye sanduku la magurudumu kwa mkanda wa mizigo, kikiwa kimeangalia mbele, na kama sanduku ni imara unakuwa na kigari cha kuvuta. Watu wengine wanamkalisha mtoto humo humo na kumvuta, inafanya kazi, ila mfunge mikanda na usiachie mkono, sanduku linapinduka kirahisi likisimama.

Kwenye ukaguzi mtoto anatoka, kiti kinapita kwenye mashine, na kama hakiingii kinakaguliwa kwa mkono. Ondoa biskuti, toi na kila kilichojificha kwenye kona za kiti nyumbani, vinginevyo utasimama pale ukimtazama afisa akichambua makombo.

Wakikuita wenye watoto wapande mwanzo, nenda. Lakini kama mko wawili fanyeni hivi: mmoja anaingia na kiti peke yake anakifunga, mwingine anabaki na mtoto getini akimkimbiza hadi dakika ya mwisho. Hii peke yake imeniokoa kuliko ushauri mwingine wowote.

7. Kukifunga

Sasa hapa tutulie.

Simamisha mgongo wa siti wima. Nyanyua egemeo la mkono la upande wako, ule uwazi unakusaidia kukiingiza kiti. Kikalishe, kisukume nyuma hadi mgongo wake ugusane na mgongo wa siti (kama kinaangalia mbele). Refusha mkanda wa ndege hadi mwisho kabisa kabla ya kuupitisha, ukiupitisha ukiwa mfupi utahangaika. Pitisha kwenye tundu lenye tepu yako, toa upande wa pili, funga.

Kabla hujakaza, fungua. Ndio, fungua tena. Kile chuma cha kufungia cha ndege kinafunguka kwa kunyanyua kifuniko, sio kwa kubonyeza kama cha gari, na kikikaa ndani ya tundu jembamba kifuniko kinaweza kukosa nafasi ya kunyanyuka. Hapo kiti chako kinakuwa mali ya shirika la ndege. Safari yetu ya pili ndivyo ilivyokuwa, abiria wote wameshuka, mimi na mhudumu tumepiga magoti tunachokonoa na kijiko. Kwa hiyo geuza chuma hadi upande unaonyanyuka uangalie mahali vidole vyako vinafika, jaribu kufungua na kufunga mara mbili, ndio uanze kukaza.

Kitu kingine kuhusu hicho chuma: kiti kikiangalia mbele, mkanda unapita nyuma ya mgongo wa mtoto, na kwa baadhi ya viti chuma kinaangukia katikati ya uti wa mgongo wake. Masaa sita na chuma mgongoni, hata wewe ungelia. Mwombe mhudumu ile nyongeza ya mkanda wanayowapa watu wanene, ukiiunga chuma kinahama kinakwenda pembeni. Waulize kama kwa kiti cha mtoto wanaruhusu. Wakikataa, kuna baadhi ya viti unaweza kusogeza chuma upande kwa kuvuta mkanda taratibu kabla ya kukaza.

Kukaza: weka goti au kiganja katikati ya kiti, lemea kwa uzito wako wote, huku mkono mwingine unavuta ncha ya mkanda. Vuta, lemea tena, vuta tena. Alafu shika kiti pale pale karibu na tundu la mkanda, sio juu kwenye kichwa, tikisa kushoto kulia na mbele nyuma. Kisitembee zaidi ya inchi moja, sentimita mbili na nusu hivi. Sehemu ya juu ya kiti kucheza kidogo ni kawaida kwa sababu ndege haina ule mkanda wa juu wa kufunga kichwa cha kiti. Kama pale tundu kinacheza sana, fungua anza upya, usijifariji.

Shusha egemeo la mkono. Mlete mtoto.

Mvue jaketi nene kwanza, jaketi linadanganya, mikanda inaonekana imekaza kumbe imekaza jaketi. Kiti kikiangalia mbele, mikanda ya mabegani itoke usawa wa mabega au juu yake kidogo. Kikiangalia nyuma, usawa wa mabega au chini yake. Kaza mpaka ukijaribu kuubana mkanda begani kwa vidole viwili, usipate cha kukunja, vidole viteleze tu. Kile kibana cha kifuani, kama kipo, kikae usawa wa kwapa.

8. Mkiwa angani

Ndege ikitembea ardhini, ikipaa, ikitua, na taa ya mikanda ikiwaka, mtoto yupo kwenye kiti. Hapo hakuna mjadala hata apige kelele za dunia nzima. Nje ya hapo mtoe ajinyooshe, mtembeze, ila ndege ikianza kutetemeka mrudishe mapema, usisubiri taa.

Kiti kinamnyanyua mtoto na kumsogeza mbele, kwa hiyo miguu yake inafika kwenye siti ya mbele barabara kabisa. Atapiga mateke. Mvue viatu kabla hamjapaa, soksi haziumizi mtu. Mi huwa namsalimia yule wa mbele mapema, namwambia jamani huyu miguu yake inafika huko, ukisumbuka niambie. Watu wanalainika sana ukiwaambia kabla.

Kimeza mara nyingi hakishuki chote kwa sababu kiti kimekizuia, kwa hiyo usipange chakula cha mtoto kitegemee kimeza. Weka vitu vya kushika mkononi. Toi zifunge kwa kamba fupi kwenye mkanda wa kiti, maana kila kinachodondoka dirishani kinaenda kule ambako mkono wako haufiki, na mtoto hataki kingine ila hicho. Ndege ikianza kushuka mpe cha kunyonya au kunywa masikio yafunguke, kiti hakizuii kabisa.

Pampasi badilisha dakika kumi kabla ya kupanda. Sio nusu saa. Dakika kumi.

Kama kubeba kiti kumekushinda

Kuna mkanda unaitwa CARES, umeidhinishwa na FAA tangu 2006. Ni mikanda ya mabegani inayozungushwa kwenye mgongo wa siti ya ndege na kuungana na mkanda wa kiunoni, uzito wake haufiki nusu kilo, unaingia kwenye mkoba. Ni kwa mtoto wa kuanzia mwaka 1, kilo 10 hadi 20, na urefu usiozidi mita 1, anayekaa mwenyewe akiangalia mbele. Ubaya wake ni miwili. Mtoto mwembamba anateleza chini ya mkanda wa kiunoni akilala, na hautumiki kwenye gari hata siku moja, kwa hiyo mkifika bado mnahitaji kiti. Kama mnakokwenda kiti kipo tayari, ni suluhisho zuri sana.

Ule mkanda mdogo wa kumuunganisha mtoto wa mapajani na mkanda wa mzazi, mashirika mengi ya Ulaya wanakupa, Marekani hairuhusu utumike ndege ikitembea ardhini, ikipaa wala ikitua. Usishangae ukipewa kwenda na kunyimwa kurudi.

Na vile vitanda vya kupuliza na machela ya miguu yanayouzwa mtandaoni, mashirika kibao yameyakataa. Uliza kabla hujanunua.

Kama kiti kinaenda kwenye mizigo, mashirika mengi hayakutozi, lakini kifunge vizuri kwenye boksi au begi lenye mito, na ni bora kukikabidhi getini kuliko kaunta kwa sababu kinapita mikono michache. Kikifika kikague: nyufa, mikanda iliyokatika, plastiki iliyopinda. Ukiona ufa ripoti hapohapo kabla hujatoka eapoti.

9. Kukitoa, na gari linalowasubiri

Msishuke wa kwanza. Kaeni hadi watu wapite. Laza mgongo wa siti nyuma kidogo, mkanda unalegea, ndio unyanyue kile kifuniko. Angalia chini na kule dirishani, toi, soksi, chupa, mwanasesere wa kulalia. Mwanasesere wa kulalia hasa.

Ukifika kwenye gari, kila kitu kinabadilika: sasa unatumia tundu hilohilo au ISOFIX, kutegemea kitabu, na mkanda wa gari una namna yake ya kujifunga. Kama mnavuka mipaka, jua kwamba kiti cha Marekani hakina ile stika ya E, na kisheria hakikubaliki barabarani Uingereza na nchi nyingi za Ulaya, na cha Ulaya nacho hakina kibali cha Marekani. Kwa safari kama hizo panga kukodi au kuazima kiti cha kule, na omba kiwe ndani ya gari kabla hamjatoka eapoti, kwa sababu dereva wa teksi anayesema "tutamshika tu, sio mbali" utamkuta kila nchi, na saa hiyo umechoka kiasi kwamba utataka kumkubalia.